Pete za Rodi Zilizovunjika: Tathmini ya Kazi ya Fundi Mmoja wa Nyeri

Miezi 5 imepita tangu nichukue rodi yangu kwa fundi, nimekwenda nayo mtoni mara 13, na sasa naona ninaweza kuizungumzia kazi yake bila kubahatisha. Ni rodi ya kuvulia samaki aina ya trauti kwa nzi bandia, yenye urefu wa futi 9, inayogawanyika katika vipande 4, na iliyoundwa kwa ajili ya mshipi namba 5 (namba hiyo huonyesha uzito wa mshipi). Ina pete 10 za kupitishia mshipi, na nilipoipeleka, 3 kati ya hizo zilikuwa mbovu, kila moja kwa namna yake. Niseme mapema kwamba uzi wa fundi huyu umekaa vizuri kuliko ule uliotoka kiwandani, kwamba gundi yake ilibidi irudiwe, kwamba rangi haikulingana, na kwamba siku alizoniahidi hazikuwa siku alizotumia. Nitamrudia, lakini mwenye rodi anayetaka kumwendea anafaa kwanza ajue anakwenda kupata nini.

Anayevua kwa ndoana na chambo huenda akashangaa kwa nini pete ndogo ya waya ifanyiwe safari ya kwenda kwa fundi. Katika uvuvi wa kawaida, risasi iliyofungwa karibu na ndoana ndiyo inayovuta uzi hadi majini. Katika uvuvi wa nzi hakuna risasi ya kurushwa. Nzi mwenyewe ni manyoya kidogo yaliyofungwa kwenye ndoana, hana uzito wa maana, na kinachorushwa ni mshipi, ambao ni mnene na una ngozi laini ya plastiki juu ya uzi wa ndani. Mshipi huo hupita kwenye pete ukienda, hupita tena ukirudi, na baada ya hapo huvutwa kwa mkono kidogo kidogo ili nzi aonekane hai. Kwa siku moja hupita hapo mara mamia kadhaa. Pete yenye ufa mdogo usioonekana kwa macho hugeuka kuwa kisu, na mshipi mzuri unaweza kugharimu shilingi 10,000 au zaidi.

Mimi niligundua ubovu huo kupitia mshipi wenyewe. Nilikuwa kando ya mto Ragati, unaoshuka kutoka Mlima Kenya, nikaona kwenye vidole vyangu vumbi la kijani kibichi, laini kama kitu kilichopitishwa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Nilipoupitisha mshipi kati ya kidole gumba na cha shahada, nilihisi mchubuko mrefu upande mmoja. Nikaichunguza rodi. Pete ya kwanza kutoka kwenye mpini, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo inayoupokea mshipi kutoka mkononi, ilikuwa imepoteza duara lake la kauri; kilichobaki ni fremu ya chuma yenye ukingo mkali. Hapo nikakumbuka kwamba mwezi uliotangulia rodi iliniponyoka ikaangukia jiwe, nikaiokota, nikautazama ufito, yaani mwili wenyewe wa rodi, nikaona haukupasuka, nikaendelea na safari. Pete sikuitazama hata kidogo.

Ya pili ilikuwa miongoni mwa zile ndogo za katikati, ambazo ni waya mmoja uliopindwa mfano wa nyoka na kufungwa kwa uzi miguu yote miwili. Hiyo ilibonyezwa na mpira wa kufungia mizigo juu ya boda boda, kwa kosa langu mwenyewe la kusafirisha kipande nje ya mfuko wake. Ilikuwa imelala upande, na mguu mmoja ulianza kuchomoza chini ya uzi. Ya tatu ilikuwa pete ya ncha. Haikuanguka wala kubonyezwa, ililiwa polepole. Mito yetu hubeba mchanga mwembamba baada ya mvua, mchanga hushika kwenye mshipi, na mshipi wenye mchanga huikata chuma kama msumeno wa uzi. Kulikuwa na mfereji mwembamba upande wa chini wa pete, nao niliuona tu baada ya kupitisha pamba ya kusafishia masikio ndani yake, nyuzi za pamba zikanasa hapo. Tangu siku hiyo pamba hizo hazikosekani katika mfuko wangu wa vifaa, na kila pete huipitisha kwenye kipimo hicho mara moja kwa msimu.

Kabla ya kufika Nyeri nilijaribu njia mbili nyingine. Niliwaandikia waliotengeneza rodi, nao wakanijibu kwa adabu kwamba nitume kipande chote kwao ng'ambo, nilipe ada ya huduma, kisha nisubiri. Nilipouliza bei ya kukisafirisha, ya kwenda tu ilizidi mara tatu ya gharama niliyokuja kulipa hapa. Baadaye nilikwenda kwenye duka moja la vifaa vya uvuvi jijini Nairobi. Kijana aliyenihudumia alikuwa mchangamfu, lakini pete aliyonionyesha ilikuwa ya rodi za kurusha risasi baharini, nzito, yenye duara la kauri na mguu mmoja, na alikuwa tayari kuibandika pale pale kwa supaglu. Nilimshukuru nikaondoka. Pete nzito karibu na ncha huifanya rodi nyepesi ilegee na kuchelewa kujinyoosha, na supaglu hukauka ikawa ngumu kama kioo, ilhali ufito wa kaboni unapinda kila unaporushwa. Gundi isiyopinda juu ya kitu kinachopinda itapasuka, na maji yatapenya hadi kwenye uzi.

Ajabu ni kwamba mikono inayofaa zaidi kwa kazi hii imekuwa hapa nchini kwa miongo mingi. Trauti ni wageni katika mito yetu. Mwaka wa 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta trauti kutoka Uskoti na kuwatia katika mto Gura, na pamoja na samaki zikaja rodi, na pamoja na rodi ikaja dhana kwamba kila kinachovunjika hurudishwa kilikotoka. Ila nzi bandia hawakubaki kuwa wa kuagizwa. Kenya ikawa mojawapo ya nchi zinazowafunga kwa wingi kwa ajili ya wavuvi wa Ulaya na Marekani, na kazi hiyo imefanywa kwa sehemu kubwa na wanawake, wakiwa wameketi mbele ya jiliwa ndogo ya kubania ndoana, wakizungusha uzi mwembamba kuliko wa kushonea juu ya ndoana ambayo mtu wa kawaida angehitaji miwani ili kuiona. Na pete ya rodi ikiondolewa maneno makubwa ni nini? Ni kipande cha chuma kilichofungwa kwa uzi.

Fundi ninayemzungumzia alifunga nzi kwa miaka mingi kabla ya kuanza kupokea rodi nyumbani kwake. Nilielekezwa kwake na mvuvi mwenzangu. Hana bango wala duka. Ana chumba kimoja chenye dirisha kubwa linalotazama mashariki, meza ndefu, na rodi za watu zilizosimamishwa kwenye kona kama miwa. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia, akaipokea rodi kabla sijamaliza kueleza, akaifunga vipande vyake, akaielekeza dirishani na kuifumbia jicho moja kama mtu anayelenga shabaha. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: "Hizi tatu nimeziona, mwanangu. Lakini na hii ya nne haijakaa katika mstari, imepinda tangu kiwandani. Ikiwa hutaki niiguse, sitaigusa." Nilimwambia aiache. Nitairudia habari ya pete hiyo baadaye.

Jambo la kwanza la kujulikana ni kwamba vipuri havipatikani kwake. Alikuwa na kopo lililojaa pete zilizotolewa kwenye rodi zilizovunjika kabisa, na humo alipata pete ya nyoka iliyonifaa. Ile ya kauri na ile ya ncha ilibidi niziagize mwenyewe kupitia binamu yangu aliyekuwa akija kutoka Uingereza. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikaribia kukosea. Katika ndoana, ile ya 1/0 ni kubwa kuliko ya 1. Katika pete za nyoka mambo yamegeuzwa: 1/0 ni ndogo kuliko 1, na kutoka hapo namba inavyopanda, pete inakua. Pete za kauri hupimwa kwa milimita za upana, na bomba la pete ya ncha hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo namba 5 ina maana ya upana wa karibu milimita 2. Fundi hakuwa na haja ya hesabu hizo. Aliipima ncha yangu kwa kipimo cha kalipa cha zamani, akaniandikia namba kwenye karatasi, akasisitiza nisinunue iliyo kubwa kidogo "ili iingie vizuri", kwa kuwa ncha inayocheza ndani ya bomba hushikiliwa na gundi peke yake.

Nilipopeleka vipuri niliomba ruhusa ya kukaa nitazame, akaniruhusu kwa sharti kwamba nisimsemeshe anapozungusha uzi. Alianza na pete ya ncha, ambayo ndiyo rahisi zaidi. Hiyo haifungwi kwa uzi bali hubandikwa kwa gundi inayoyeyuka kwa moto. Alipitisha mwali wa kiberiti cha gesi juu ya bomba la chuma, si juu ya ufito, akahesabu kimoyomoyo, akaivuta moja kwa moja bila kuizungusha. Ikatoka. Mpya akaitia gundi ya fimbo iliyoyeyushwa, akaichomeka, akaitazama katika mstari na pete nyingine gundi ikiwa bado laini, akaisogeza kidogo, basi. Dakika 4, kwa saa yangu. Kazi hii mtu yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza kuifanya nyumbani, na sioni sababu ya kumlipa fundi kwa hiyo peke yake.

Kuondoa pete iliyofungwa ni habari tofauti, na hapo ndipo rodi nyingi huuawa na wenyewe. Uzi wa zamani umezama ndani ya gundi ngumu, na mtu mwenye papara huchukua wembe na kukata kuuzunguka ufito. Kaboni ikipata mkwaruzo mmoja wa kuizunguka, siku samaki mzuri atakapouvuta ufito utakatika hapo hapo. Mama huyu aliulaza wembe juu ya mguu wa chuma wa pete, akawa anaparua gundi taratibu kama anayemenya ngozi ya tangawizi, mpaka uzi ukaonekana, akaukata juu ya chuma na kuufumua kwa kucha. Wembe haukuugusa ufito hata mara moja. Mabaki ya gundi aliyalainisha kwa mashine ya kukaushia nywele, akiishika mbali, akiupima ufito kwa kiganja kila mara ili usipate moto mwingi, kisha akayasukuma kwa ukucha wa kidole gumba. Nilimwona akitumia kucha kuliko chombo kingine chochote, nikaelewa kwa nini za mkono wa kulia zilikuwa ndefu na za kushoto fupi.

Kabla ya kuifunga pete mpya aliinoa miguu yake. Pete zinapotoka kiwandani ncha za miguu huwa butu, na uzi ukifika hapo huruka na kuacha pengo. Kwa tupa ndogo aliipunguza miguu ikawa myembamba kama ulimi wa ndege, akageuza pete na kulainisha upande wa chini kwa msasa, kwa sababu chembe moja ya chuma iliyobaki hapo huuchimba ufito kila rodi inapopinda. Baada ya hapo aliuonyesha mguu kwenye mwanga, akanipa niuguse. Haukukwaruza.

Kilemba cha uzi, yaani uzi unaozungushwa kuushikilia mguu wa pete kwenye ufito, nilikitazama kwa makini zaidi kuliko vyote. Uzi wenyewe, wa nailoni, aliupitisha katikati ya kurasa za kitabu cha simu cha zamani, kile kinene cha enzi za simu za mezani, akakiwekea tofali juu, ili uzi utoke ukiwa umekazwa kwa nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho. Rodi ililala juu ya vishikizo viwili vya mbao vilivyokatwa kama herufi V na kupigwa kitambaa cha fulana. Aliuanza uzi juu ya ufito mtupu, umbali wa milimita chache kabla ya mguu wa pete, akauvusha juu ya mkia wake wenyewe ili ujifunge bila fundo, kisha akaanza kuizungusha rodi kuelekea kifuani kwake. Uzi ulijipanga mmoja kando ya mwingine. Ulipofika kwenye mguu wa chuma ulipanda mteremko bila kuruka, na hapo nikaelewa kazi ya tupa. Kila baada ya mizunguko kadhaa alizisukuma nyuzi kwa mgongo wa kijiko cha chai ili zikae karibu zaidi. Zilipobaki raundi 6 hivi aliingiza kitanzi cha uzi mwingine, akamaliza kuzungusha, akakata, akapitisha mkia kwenye kitanzi na kukivuta. Mkia ukapotea chini ya kilemba. Hakuna fundo popote. Nimekitazama kilemba hicho kwa kioo cha kukuzia mara kadhaa tangu siku hiyo, nikakilinganisha na vya kiwandani vilivyo jirani yake. Kimoja cha kiwandani kina nyuzi mbili zilizopandana. Chake hakina.

Sasa nifike kwenye gundi, ambako sifa zangu zinapungua. Uzi peke yake hautoshi. Hupakwa epoksi maalumu ya rodi, inayochanganywa sehemu moja ya resini na sehemu moja ya hadena (kigumishi chake), ambayo hukauka polepole na kubaki na unyumbufu kidogo. Kwa kuwa hukauka polepole, rodi lazima izunguke kwa saa kadhaa, la sivyo gundi huteremka na kutengeneza tone upande wa chini. Fundi ana mota iliyotolewa kwenye maikrowevu mbovu, ile inayozungusha sahani, ambayo huenda mizunguko 5 au 6 kwa dakika, na kwa kazi hii hakuna mwendo bora kuliko huo. Kuhusu hilo sina lawama. Ni ujanja wa kupongezwa. Lawama yangu ni kwamba ilikuwa Julai. Wanaoijua Nyeri wanaijua Julai yake. Epoksi kwenye baridi huwa nzito, hushika mapovu, na hadena hufanya kazi kwa uvivu. Aliichanganya kwa kukadiria kwa macho katika kifuniko cha chupa, na nilipopita kuitazama rodi yangu siku ya tatu, kilemba cha pete ya kauri kilikuwa bado kinanata, hata alama ya kidole changu ikabaki juu yake.

Nilikasirika kidogo, na nadhani ilionekana usoni. Yeye hakubishana. Aliigusa, akanusa kidole, akasema, "Hii haitakauka hata tungoje Krismasi. Kosa ni langu." Aliifuta gundi yote kwa spiriti kabla haijashika, akaacha uzi ulivyo, na mara hii akatumia mabomba mawili ya sindano ya duka la dawa, moja la resini na jingine la hadena, akapima sawasawa, akaziweka chupa zote mbili kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu kabla ya kuchanganya. Alipaka tabaka la kwanza jembamba sana, likaingia ndani ya uzi. Mapovu aliyatoa kwa kupitisha mwali mdogo wa taa ya spiriti chini yake upesi upesi. Kesho yake alipaka la pili. Hakunitoza shilingi ya ziada. Ushauri wangu kwa atakayempelekea kazi ni kumwomba waziwazi atumie mabomba ya sindano tangu mwanzo, na kama inawezekana asiende katika miezi ya baridi.

Rangi nayo ni jambo la kukubaliana mapema. Uzi wa awali wa rodi yangu ni wa kijani cha chupa. Wa kwake ulikuwa wa kijani pia, tena ulipokuwa mkavu ulielekea kufanana. Lakini nailoni ya kawaida ikinywa epoksi huwa nyeusi zaidi na huanza kupitisha mwanga, hata miguu ya pete ikaonekana kwa ndani kama mfupa wa samaki. Alinionya kwa kulowesha kipande cha uzi kwa spiriti ili nione kitakavyokuwa, nami nikasema haidhuru. Matokeo ni kwamba rodi yangu sasa ina vilemba vinne vya kijani kinachokaribia weusi katikati ya vingine vya kijani cheupe zaidi. Anayetaka kuiuza rodi yake baadaye anaweza kujali hilo. Mimi naliona kama kiraka cha goti kwenye suruali ya shamba.

Gharama yote ilikuwa shilingi 2,400: 1,200 kwa pete ya kauri, 800 kwa ya nyoka, na 400 kwa ya ncha, mbali na vipuri nilivyojinunulia. Kwa kazi ya mikono iliyochukua sehemu kubwa ya asubuhi mbili, ukiongeza gundi na usiku wa mota kuzunguka, naona ni bei ya haki, na kama angepandisha nisingelalamika. Kuhusu muda, aliniambia siku 4. Zilikuwa 11. Sehemu ya ucheleweshaji ilitokana na gundi iliyokataa, sehemu ilitokana na umeme uliokatika mota ikiwa inazunguka, jambo lililomlazimu akae akiizungusha rodi kwa mkono huku akisikiliza redio ya betri, na sehemu ilitokana na harusi ya jamaa. Hapokei simu anapofanya kazi ya uzi, wala hatumi ujumbe wa kueleza kinachoendelea. Kwa mtu aliyekwisha kulipia siku zake za uvuvi mtoni, hilo ni tatizo la kweli, na hakuna namna ya kulipamba.

Nimemlinganisha pia na vile visanduku vya kujitengenezea mwenyewe vinavyouzwa mtandaoni, vyenye pete kadhaa, kigurudumu kidogo cha uzi na chupa mbili ndogo za gundi. Rafiki yangu alikinunua kimoja, na nikamsaidia kufunga pete yake ya nyoka mezani kwake. Pete zilikuwa nzuri. Gundi ilikuwa ya dakika 5, ambayo huanza kushika kabla hujamaliza kuipaka na baada ya miezi kadhaa juani hugeuka manjano. Maelekezo hayakugusia kunoa miguu. Tulifunga mara tatu, tukafumua mara tatu, na ile ya nne tukaiacha si kwa sababu ilikuwa nzuri bali kwa sababu chakula kilikuwa tayari. Pete hiyo bado ipo na bado inapitisha mshipi, ila rodi ikipinda husikika mlio mdogo, "tik", ambao ni mguu wa chuma ukicheza chini ya uzi.

Rodi yangu hailii. Safari ya kwanza baada ya matengenezo nilikwenda mto Thiba, maji yakiwa safi, nikarusha kwa muda wa saa moja bila hata kumtafuta samaki, nikiusikiliza mshipi ukitoka. Katika pete mpya ya kauri unapita kimya kabisa. Kwenye pete ya nyoka niliyopewa kutoka kwenye kopo kuna mlio hafifu, kwa kuwa kromu yake si mpya, lakini jaribio la pamba imelipita kila mara. Mwezi wa tatu nilimpata trauti aliyekimbilia chini ya mzizi, nikalazimika kuipinda rodi zaidi ya ninavyopenda, na nilipofika nyumbani nilivikagua vilemba vyote kwa kioo nikitafuta ufa mweupe kwenye ukingo wa gundi, maana huo ndio hujitokeza kwanza. Sikuuona kwenye vyake. Niliuona kwenye kimoja cha kiwandani.

Zipo kazi ambazo fundi huyu hazifanyi, na husema hivyo bila kuona haya. Hagusi ufito uliopasuka, hata ufa mdogo. Rodi za mianzi iliyogandamanishwa hazipokei ikiwa zinahitaji uzi wa hariri na vanishi ya zamani, kwa kuwa hana vanishi hiyo na hapendi kukisia. Rodi nzima inayotakiwa kubadilishiwa pete zote huipokea, lakini alinishauri mimi nisifanye hivyo: uzi ambao haujasumbua usisumbuliwe. Nilipokuwa naondoka alinipa kifurushi kidogo cha plastiki, ndani yake mna pete moja ya nyoka, uzi uliozungushiwa kipande cha kadibodi, tepu nyembamba ya umeme, na kijiti cha gundi ya kuyeyusha. Akanifundisha kwamba pete ikichomoka mtoni niinyooshe miguu, niifunge kwa tepu kwa kubana, nimalize siku yangu, na nisithubutu kutia supaglu, maana yeye ndiye atakayekuja kuiparua.

Pete ile ya nne, aliyoiona imepinda siku ya kwanza nami nikamwambia aiache, ndiyo hiyo yenye ufa mweupe kwenye gundi. Nimempelekea Jumatatu hii. Ameitazama, hakusema lolote, ametabasamu tu na kuniambia itakuwa tayari Ijumaa, nami kwenye kalenda yangu nimeandika Alhamisi ya wiki inayofuata.